Maji Yakifika Nguzo ya Tatu

...na kigingi chenyewe kimelowa, kinateleza, vidole vyangu vimekizunguka tangu nilipokaa hapa na bado sijakivuta, nangoja, nimeambiwa ningoje, maji yafike nguzo ya tatu ndipo nivute, ndivyo alivyosema Sylvain jana kivukoni mbele ya yule afisa wa Wafaransa, "nguzo ya tatu, Osite, sio kabla," akarudia mara ya pili kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba, mume wangu huyo, ananifundisha maji mimi niliyebeba matope ya tuta hili kwa mikono yangu... haya, nangoja, mgongo nimeuegemeza kwenye tuta, miguu imezama kwenye tope jekundu, viatu vya mbao nimeviacha juu kwenye nyasi visije vikaharibika, viatu jamani, kijiji kinachomwa na mimi nahurumia viatu, mbele yangu ghuba yote bado imekauka, tope tupu linang'aa, nguzo zetu nne zimesimama kwa mstari, ya kwanza mbali kabisa na ya nne hapa ubavuni pangu, na kule mwisho kuna mstari mweupe, maji yanakuja, leo ni bamvua, maji makuu, bamvua kubwa la mwezi wa tisa, na nyuma ya mstari ule merikebu tatu za Waingereza zimetia nanga, zimejaa askari, haziwezi kusogea mpaka maji yajae, zinangoja maji haya haya ninayoyangoja mimi, na mimi nikikivuta kigingi hiki kilango kitaanguka, basi, kazi imekwisha, bahari itajiingiza yenyewe... kilango chenyewe si kitu cha kutazama, kipande cha ubao kimening'inizwa kwenye mdomo wa gogo, gogo tulilolichonga katikati likawa mfereji tukalilaza chini ya tuta, bahari ikipwa maji ya mvua yaliyokusanyika shambani yanakisukuma kutoka ndani, kinafunguka, yanatoka, bahari ikijaa inakisukuma kutoka nje, kinajifunga, mara mbili kwa siku, usiku na mchana, hakimwulizi mtu wewe ni wa mfalme yupi, na kwa sababu ya kipande hicho cha ubao ndiyo maana nyuma ya mgongo wangu kuna bonde badala ya tope, nyasi zimefika kiunoni, malundo ya nyasi kavu yamekaa juu ya vichaga vyake, mabua ya ngano niliyoyakata mimi mwenyewe wiki iliyopita, peke yangu, maana mwenye bonde, Sylvain, kaitwa kilimani ng'ambo ya mto kuchimba boma la Wafaransa, kaitwa, ni neno la heshima hilo, walikuja watatu na bunduki wakamwita.

Miaka mitatu, chumvi ikiingia ni miaka mitatu, kila mtu wa hapa anajua, mvua ioshe, theluji ioshe, mvua tena, na wewe unakaa unatazama ardhi uliyoiiba baharini kwa jasho lako na haikupi hata jani la kumpa mbuzi, sisi tuliijua miaka hiyo, mwaka wa pili wa ndoa yetu ndipo tulipolifunga tuta hili, kijiji kizima kilikuja, ndiyo desturi, tuta la mmoja ni kazi ya wote, wanaume wanakata mabonge ya tope lenye mizizi, wanawake tunayapokea, tunayapanga, tunayakanyaga, siku ile nilikanyaga mpaka jioni miguu haikuingia kwenye viatu na Sylvain akanibeba mgongoni kunipeleka nyumbani, watu wanacheka, wanasema mtamwona huyo kesho atabebwa tena, na baada ya hapo kungoja, kila masika alichukua udongo kidogo akauweka ulimini, akafumba macho, nami namtazama usoni sipumui, "bado," anasema, anatema, mwaka unaofuata "bado," anatema, wenzetu wanahesabu watoto na sisi tunahesabu chumvi, ndivyo walivyosema, na mimi nilicheka nao, nilicheka sana, nikafika nyumbani nikalia, mpaka masika ya tatu alipouweka ulimini akakaa, akakaa, hakutema, akaumeza, mpumbavu yule, akaumeza udongo, akanitazama machozi yanamtoka, basi huyo ndiye aliyesimama jana na bunduki begani ameishika kama jembe, akaniambia mbele ya mtu mgeni nikaingize bahari humo bondeni.

"We shemeji, umeota mizizi huko?" Huyo ni Prudent, mdogo wake Sylvain, yuko juu ya tuta na gari lake la ng'ombe, sikugeuka lakini najua ameweka mikono kiunoni, Prudent hawezi kusema neno bila kuweka mikono kiunoni, mkewe na watoto wake watano wameshatangulia ng'ambo ya mto, gari limejaa vitu vyao, na nyuma ya gari amening'iniza chungu cha makaa, makaa ya kuchomea nyumba, alikabidhiwa asubuhi na watu wa yule afisa, nyumba zote za upande huu mpaka saa sita mchana ziwe majivu, tuzichome wenyewe, kwa mikono yetu, Waingereza wakishuka wasikute paa wala gunia wala jani, halafu tuvuke twende kilimani kwa Wafaransa, huko tutapewa ardhi, tutapewa unga, tutapewa nyama, tutapewa na tutapewa, na mpaka leo waliovuka mwezi uliopita wanalala chini ya matanga ya jahazi bovu... "nipo," nikamjibu, naye anaendelea, kitu kuhusu kitanda, kitanda chetu hakiingii garini, akate miguu au akiache, nasikia nusu, moshi unanijia, moshi wa kwa kina Cormier ule, nyumba yao ilikuwa na paa jipya, paa la juzi tu, nilishika ngazi wakati wanaliezeka... na mto gani wenyewe huo wa kuvuka, mto ninaoupita sketi nimeipandisha magotini, ng'ombe wetu wanauvuka kila asubuhi kwenda kula nyasi za upande wa pili na jioni wanarudi na hakuna aliyewauliza kitu, miezi sita hii ndiyo umekuwa mpaka wa dunia, Wafaransa wanasema wao wanaanzia ng'ambo ile, Waingereza wanasema wao wanaishia wapi hawajui bado, na sisi tumekaa katikati tunavua samaki, ndiyo, katikati, hilo ndilo jina letu, miaka ishirini iliyopita baba yangu alikwenda kumwapia mfalme wa Uingereza utii, nilikuwa na miaka kumi, akarudi amefurahi, tumeapa, anasema, lakini tumeahidiwa kwa mdomo hatutashika bunduki dhidi ya Mfaransa wala dhidi ya yeyote, kwa mdomo baba, mama akauliza, kwa mdomo tu? na baba akashangaa, kwani ahadi hutolewa kwa nini kama si kwa mdomo, wakawa wanatuita watu wasio na upande na sisi tukalipenda jina hilo, tukawauzia Waingereza ng'ombe, tukanunua kwao masufuria na vitambaa, tukiwaita kwa utani maadui rafiki zetu, na wakija tunawapa kiti, sasa wanataka tuape upya bila sharti, na Wafaransa wanasema anayeapa ni msaliti, katikati pamekwisha, pamebaki upana wa mto, na Wamikmaki, wenyeji wa pwani hii, waliokuwa wakichimba kombe papa hapa nilipokaa kabla hatujaweka tuta, wao hakuna aliyewaomba hata kiapo, wanatutazama tu sasa, sijui wanatucheka, wana haki wakitucheka.

"...na Mama hataki kutoka," Prudent anasema, hilo nimelisikia vizuri, "amekaa anamenya tanipu, nimemwambia Mama, nyumba inachomwa, anasema basi supu itaiva upesi," na mimi nimecheka, nimecheka mpaka tuta limenisukuma mgongo, Mama Perpétue, mama mkwe wangu, wengine wana mama wakwe wa kuwasema kwa majirani, mimi wangu namsema kwa sababu simwezi kwa maneno, padre mwenyewe alipokuja Jumapili kutuambia kuvuka ni wajibu wa Mkatoliki alimkaribisha, akampa bia ya majani ya msonobari, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema padre, mimi nimezaliwa chini ya Mfaransa, nikaolewa chini ya Mwingereza, na supu ilikuwa ile ile... huyo ndiye mjane wa Mfuga-Bahari, ndiyo, jina hilo baba mkwe, Mungu amrehemu, alikwenda nalo kaburini, kijana wa miaka ishirini anajenga tuta lake la kwanza, amejawa na majivuno hataki kusaidiwa, akakipachika kilango kinyume, kinatazama ndani badala ya nje, maji yakajaa yakaingia kwa raha zao, yakaanza kupwa kilango kikajifunga, asubuhi kijiji kizima kinaamka kinakuta bahari shambani kwake imefungiwa haina pa kutokea, na samaki ndani, watu walikuja na vikapu, walikula samaki wa baba mkwe wiki nzima, Sylvain alipokuwa ananichumbia alinisimulia hilo kabla hajanisimulia jambo lolote lingine, akasema ujue unaingia ukoo gani, na nilipomaliza kucheka nilikuwa nimeshakubali, hakujua, nilimzungusha miezi minne zaidi, alitakiwa kwanza atengeneze magurudumu mawili ya gari na mimi nifume shuka, ndiyo desturi, anayeweza gurudumu anaweza mke, gurudumu lake moja lilikuwa yai tupu.

Maji yamefika nguzo ya kwanza, naona povu limeizunguka, yanakuja kwa kasi leo, kigingi kinasogea kidogo ninapokizungusha, kinatoka hiki, kinatoka bila taabu, Sylvain alikipaka mafuta ya nguruwe... Sylvain, jana, nirudi jana, koti la askari limemvaa badala ya yeye kulivaa, amekonda, mikono ina malengelenge, mtu wa jembe tangu utotoni anatoka malengelenge, basi wanawachimbisha nini huko, na yule afisa kutoka Quebec pembeni, kijana msafi, soksi nyeupe kwenye tope, ananitazama sketi yangu, mistari myekundu, akauliza mama, wekundu huo mzuri mnautoa wapi, nikamwambia Boston, bwana, tunanunua blanketi za Waingereza tunazifumua uzi kwa uzi tunafuma upya kwa namna yetu, hakucheka, nilidhani atacheka, akaandika kitu kichwani, nilimwona, kisha akasema bonde nalo lisibaki, farasi wa Waingereza wasile nyasi za mfalme, nyasi za mfalme, nilitaka kumuuliza mfalme alikanyaga tope siku gani, lakini nilikuwa namngoja Sylvain aseme neno, aseme hapana bwana, aseme bwana hujui unachosema, hata anyamaze, ningeridhika na kunyamaza, naye akapiga hatua mbele upesi, upesi sana, akasema bonde hilo ni langu, nalijua mimi, usitume askari wako watalikata gogo bure, mke wangu atalifanya, nitamwambia saa, na akaniambia saa, nguzo ya tatu, mara mbili, ananitazama machoni, hakunigusa, hakuniambia umekula, hakuniambia Osite nisamehe, nguzo ya tatu, sio kabla, nikamgeuzia mgongo, nikavuka maji kwa hasira sketi yote ikalowa, na nyuma yangu aliita jina langu mara moja na sikugeuka, najuta hilo, hapana, sijuti, miaka minane, nimekaa na mtu miaka minane nikidhani najua moyo wake ulipo, kumbe anapewa koti na amri na moyo unahamia kwenye koti, wakubwa wanawaamuru wanaume na wanaume wanatuamuru sisi, na mwisho wa amri zote ni mwanamke kwenye tope ameshika kigingi.

"Osite, vuta basi," Prudent amekaa kwenye ukingo wa tuta sasa, miguu yake inaning'inia juu ya kichwa changu, sauti imeshuka, hatanii, "vuta twende, mimi mwenyewe sipendi kuona, lakini vuta, maji yanakuja." Nikamwambia bado. "Bado nini?" Nikamwambia Sylvain kasema nguzo ya tatu, sio kabla, kasema mara mbili mbele ya afisa, na nilisema kwa uchungu, ili na yeye asikie kaka yake alivyo siku hizi. Miguu ya Prudent ikaacha kubembea, nikainua kichwa. "Ya tatu?" akasema polepole, "kasema ya tatu?" Nikasema ya tatu. "Shemeji, maji yakiwa kwenye ya tatu bahari imeshakibana hicho kilango, kigingi hakitoki hata nikufungie ng'ombe wangu wote wawili."

"Najua," nikasema, na nilipokwisha kusema ndipo nikajua.

Ya pili ndiyo mwisho, kila mtoto wa hapa anajua, ukitaka kugusa kilango uguse kabla ya nguzo ya pili, Sylvain mwenyewe ndiye aliyezichoma nguzo hizi, alizipima kwa mwezi mzima akiwa na njaa na mafua, zimechomwa hapo kwa ajili hiyo tu, ili mtu asije akavunjika vidole, na mimi nimekaa hapa asubuhi nzima nikinung'unika kwamba ananifundisha maji, sikuyasikia maneno, nilisikia amri, nilisikia koti, na yeye alikuwa hana pa kusemea isipokuwa mbele ya masikio ya yule kijana mwenye soksi nyeupe asiyejua bahari inafanya nini mara mbili kwa siku, akasema kitu ambacho mtu wa Quebec angekiona utii na mtu wa kwetu angekiona kichaa, na alirudia, alirudia kwa sababu aliniona nimekasirika sisikii, akaniita jina langu nyuma, mara moja, na sikugeuka... ee Mungu wangu, na alipiga hatua mbele upesi vile ili wasitume askari, askari wangekuja na mashoka, ni yeye aliyeomba iwe mimi, mtu pekee kati ya pande zote mbili ambaye angekaa mbele ya kilango hiki na asikivute, na mimi, mimi ningekivuta, kwa hasira tu ningekivuta mapema, nusura nikivute maji yalipofika ya kwanza, ili nimkomoe.

Prudent juu yangu amekohoa, na alipofungua mdomo hakusema kwa sauti yake ya kawaida, "upepo mwingi leo," akasema, "mimi sijasikia kitu," kisha akaongeza, "nitachoma banda lenu la nguruwe, shemeji, na lile ghala bovu, moshi ni moshi, kutoka kule kilimani hawawezi kuujua moshi wa nguruwe na moshi wa Mkristo." Nikataka kumshukuru, nikamwambia nguruwe amtoe kwanza. "We unanionaje," akasema, akasimama, nasikia magoti yake yanalia, kisha akauliza kwa upole, upole wa Prudent ambao sikuzoea, "na wewe, utavuka na nani? Mimi nikiondoka hapa sirudi."

Nikamwambia ngoja kwanza, na amengoja, yuko juu hapo na ng'ombe wanacheua, na mimi nafikiri, maji yako kati ya ya kwanza na ya pili, kigingi bado kinatoka, nikitaka kinatoka sasa hivi, hakuna aliyenifunga mikono, lazima niliangalie jambo hili lote mpaka chini... nikikiacha, bonde linabaki, lakini bonde halibaki lenyewe, bamvua likipita tope linaziba mdomo wa gogo, asipokuwepo mtu wa kuja na koleo asubuhi ya pili kilango hakifunguki, maji ya mvua yanarudi nyuma, nyasi zinaoza zimesimama, mwaka mmoja na bonde ni kinamasi, Mwingereza hatajua, atakaa nyumbani kwangu akishangaa mbona shamba linanuka, kwa hiyo anayesema kiache anasema kaa, ndicho alichoniambia Sylvain, kila mtu mwezi huu ananiambia njoo, vuka, hama, padre njoo, afisa njoo, Prudent twende, na yeye peke yake jana hakusema njoo, mume wangu ndiye mtu pekee ambaye hakuniambia njoo, na nilidhani ni kwa sababu hanitaki, na yeye kurudi hawezi, jina lake limeshaandikwa na bunduki ameshapewa, akikamatwa anavuka mto Wafaransa watampiga risasi ya mtoro, na akifika salama Waingereza watamnyonga kwa sababu aliapa kwao na sasa kaonekana na silaha, hana upande wowote wa kusimama zaidi ya pale alipo, alijua hayo yote aliponiambia nguzo ya tatu, alijua anachonipa na anachojinyima, na mimi je, aliniuliza? hakuniuliza, hasira inanirudia kidogo, afadhali irudi, naijua kuliko hii nyingine, nimeolewa na bonde au nimeolewa na mtu, nikivuka leo jioni nitalala karibu naye chini ya tanga bovu, nitampaka mafuta malengelenge yake, nitamwambia nilikuelewa, nilichelewa lakini nilikuelewa, na asubuhi tutatazama huku wote wawili, siku baada ya siku tutatazama huku kilango kikiziba, na hatutasema, tutakuwa watu wa kupanga foleni na bakuli kungojea unga wa mfalme, na Sylvain ni mtu aliyemeza udongo kwa furaha, namjua, atanipenda na atakauka... na nikibaki, nitabaki na mama mkwe na tanipu zake, watashuka wale wa merikebu, wataingia na viatu, wataniuliza mume yuko wapi, nitasema nini, wataniambia niape, nitaapa, kwa mdomo, naogopa, sijui Kiingereza zaidi ya maneno ya kuuzia ng'ombe, naogopa wasije wakachoka nasi siku moja wakatuondoa wote kama takataka, lakini farasi wao watataka nyasi, na watakapoona shamba lenye kilango na mtu anayejua kilango, labda, labda tu, sijui, hakuna anayejua, hata wafalme wenyewe hawajui, ndiyo maana wanapiga kelele.

"Shemeji," Prudent ameita, sio kwa haraka, na maji haya yamefika nguzo ya pili, povu limeigusa, linapanda, baridi imenifikia vidole vya miguu, najua kilango kimeanza kusikia bahari, ubao unagonga kwenye gogo, gonga, kimya, gonga, kwa sauti ya mtu anayepiga hodi hana haraka, mkono wangu uko pale pale kwenye kigingi, sijauondoa, ila sikishiki tena ili kukivuta, nakishika ili kukituliza... na kule kilimani kwenye boma lao najua anatazama, amepanda juu ya udongo aliouchimba, anahesabu nguzo kwa macho, haoni mtu kwa umbali ule, haoni mkono wangu, hatajua kitu mpaka jioni, jioni maji yakipwa atasimama tena pale na kutazama bonde, kama nimevuta ataliona linang'aa, maji kutoka tuta mpaka tuta, na atajua mkewe yuko njiani anakuja, na kama sikuvuta ataona nyasi, nyasi tu, kavu, na malundo yetu yamesimama juu ya vichaga, atafurahi, najua atakavyofurahi, atajifuta uso kwa koti lile lisilo lake, na kwa nyasi hizo hizo atajua kwamba sivuki.